Kutoka Mpika hadi Limpopo kwa Kalenda ya Nondo

Wanaouza safari za kusini mwa Afrika wote wana neno moja: mgeni aje kati ya Juni na Oktoba. Wakati huo majani yamepukutika, nyasi zimelala, maji yamebaki kwenye mito mikubwa na madimbwi machache, na tembo na nyati hawana pa kujificha. Kwa mtu anayetafuta picha ya tembo, ushauri huo hauna kasoro. Kwa anayetaka kuujua msitu wenyewe, mimi nauona ni ushauri wa kumpoteza mtu, hasa katika ule ukanda mkubwa wa miti ya mopane unaofuata mabonde ya Zambezi, Luangwa, Shashe na Limpopo. Miezi hiyo, mmoja wa walaji wakubwa kabisa wa majani ya msitu ule haonekani popote. Yuko udongoni, sentimita chache chini ya viatu vya watalii, amejikunyata ndani ya gamba la pupa akisubiri mvua. Ni nondo. Wanasayansi humwita Gonimbrasia belina, na aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vyao ni Mwingereza John Obadiah Westwood, mwaka 1849. Viwavi wake Watswana huwaita phane, Washona madora, Wandebele amacimbi, Wavenda mashonzha, na huliwa kote huko. Ninachokidai ni kwamba msitu wa mopane husomeka kwa kalenda ya nondo huyu, na kwamba ndani ya kalenda hiyo ziko siku chache zinazozishinda nyingine zote kwa uzito, nazo ni zile ambazo kiwavi aliyekomaa hushuka mti kwenda kujifukia. Mabishano mengi kuhusu kuvuna viwavi hawa, yawe ya wahifadhi au ya wafanyabiashara, huenda mrama kwa sababu hayazihesabu siku hizo.

Kwa msafiri wa Tanzania njia inayofundisha zaidi ni ya nchi kavu, maana ndege humshusha mtu Lusaka au Harare bila kumwonyesha msitu ulipobadilikia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo na mikono ya Wachina kati ya 1970 na 1975, ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na sehemu kubwa ya mwendo huo, hasa baada ya Makambako na upande wote wa Zambia, ni miombo. Ukisafiri Septemba au Oktoba utaona miombo inachipua majani mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka. Mopane hutauona, kwa kuwa hauoti Tanzania. Hata hivyo njia hiyo si ya kupita umelala. Huko Mpika, ambako treni husimama, miombo ina nondo wawili wa ukoo uleule wa Saturniidae: Gynanisa maja na Gonimbrasia zambesina. Huyu wa pili anapatikana pia Tanzania na Kenya, kwa hiyo ni jirani yetu kabisa, ingawa wengi wetu hatujawahi kumuuliza habari zake. Viwavi wa nondo hao wawili ni chakula na biashara kwa Wabisa wa eneo la chifu Kopa, na yale wanayoyafanya Wabisa nitayahitaji mbele kama ushahidi, kwa hiyo msomaji auweke Mpika akilini.

Kutoka Lusaka barabara hushika kusini, huvuka mto Kafue, huiacha ile ya Livingstone mkono wa kulia, kisha huteremka ukingo wa Bonde la Zambezi hadi Chirundu. Madereva wa malori ya Dar es Salaam wanazijua kona zake kuliko mtu yeyote. Lusaka iko karibu mita 1,280 juu ya usawa wa bahari, Chirundu karibu mita 400, na tofauti hiyo inamalizwa katika kilomita zisizofika 150. Hapo ndipo miombo inakoma na mopane unaanza, na mabadiliko hayo hayahitaji jicho la mtaalamu. Joto linapanda, udongo unakuwa mfinyanzi mzito unaopasuka kiangazi na kunata masika, na miti inakuwa ya namna moja maili baada ya maili, kana kwamba ilipandwa. Mopane ni mti wa mabondeni. Hustahimili udongo mwembamba wenye chumvichumvi na magadi ambao miti mingi ya nyanda za juu haiuwezi, na katika jenasi yake, Colophospermum, uko peke yake. Jani lake ni vijani viwili vilivyoungana kwenye kikonyo kimoja, mfano wa mbawa za kipepeo. Jua likifika utosini vijani hivyo hukunjana vikaligeuzia jua ukingo badala ya uso, na kwa hiyo msafiri anayekimbilia kivuli cha mopane saa saba mchana hukuta mti umekifunga. Chukua tumba lake kavu ulipasue: ndani mna mbegu moja bapa yenye umbo la figo, imejaa mikunjo na vitone vidogo vya utomvu, inanata vidoleni na kunuka tapentaini. Mopane huwa na nyuki wadogo pia, wasiouma, ambao hupenda jasho na machozi na huingia machoni bila kubisha hodi. Anayepanga kwenda na aende na kitambaa.

Nondo wenyewe ni mkubwa. Mbawa zake zikikunjuliwa hufika sentimita 12 hivi kutoka ncha hadi ncha. Rangi hazina kanuni: wapo wa rangi ya vumbi, wa kijanikijani, wa kahawia, na wengine wana wekundu wa tofali. Kinachowatambulisha wote ni mistari miwili ya nyeusi na nyeupe inayokata mbawa na kuyaweka katikati madoa yaliyo kama macho, hasa yale mawili makubwa ya rangi ya chungwa kwenye mbawa za nyuma. Anapopumzika, mbawa za mbele huyafunika macho hayo na mdudu akafanana na jani kavu. Akiguswa huzifungua ghafla, na ndege aliyekuwa anakuja kudonoa hutazamana na uso asioutarajia. Dume hutofautishwa na jike kwa vipapasio: vya dume vina manyoya kama unyoya wa ndege, vya jike ni vyembamba. Manyoya hayo ni pua. Jike hutoa harufu usiku, na dume huifuata gizani. Baada ya hapo hana shughuli nyingine duniani, kwa maana kinywa chake hakifanyi kazi. Haonji ua wala tone la maji, na huishi siku tatu au nne tu kwa mafuta aliyoyaweka alipokuwa kiwavi. Ndiyo maana mimi sioni busara ya kumtangaza nondo huyu kwa uzuri wa mbawa zake. Mbawa ni chombo cha kumfikisha kwenye yai lifuatalo, basi. Botswana walilielewa jambo hili vizuri: sarafu yao ya pula 5 imechorwa kiwavi juu ya tawi la mopane, na nondo hayumo.

Mvua za kwanza, kwa kawaida Novemba au mwanzoni mwa Desemba, humwita kutoka ardhini. Jike akishapandwa hutaga mayai 50 hadi 200 kwa mkupuo mmoja, ameyapanga kuzunguka kijiti au juu ya jani, na kazi yake imekwisha. Yanaanguliwa baada ya siku kumi hivi. Viwavi wachanga hukaa pamoja, wakila bega kwa bega na kuhama kundi zima kutoka jani hadi jani. Kiwavi hujivua ngozi mara nne, na kwa hiyo hupita hatua tano kabla ya kukomaa. Katika hatua tatu za mwanzo kundi halivunjiki. Kuanzia ya nne hutawanyika, kila mmoja na tawi lake, na katika ya tano anafikia urefu wa kidole cha mtu mzima, mnene, mweusi, amenyunyiziwa magamba madogo ya mviringo ya rangi nyeupe ya kijani na ya njano kwa mapete yanayopokezana, na juu ya mapete hayo miiba mifupi, myeusi au mekundu, yenye vinyweleo vyeupe. Mwaka wa neema, mtu akisimama chini ya mopane ulioshambuliwa hana haja ya kutazama juu ili ajue kilichopo. Husikia kinyesi kikidondoka juu ya majani makavu mfululizo kama manyunyu, vipande vigumu vidogo vyenye mifereji, na hukuta ardhi imetapakaa. Wiki chache zatosha kuuacha msitu uchi katikati ya masika. Kisha mti huchipua upya. Majani yaliyokuwa yabaki juu hadi kiangazi yamegeuzwa mbolea na kurudishwa kwenye mizizi mvua ikiwa bado inanyesha, na hii ndiyo sababu inayonifanya nimhesabu nondo huyu pamoja na walinzi wa msitu, japo anaonekana mharibifu.

Baada ya wiki nne hadi sita za kula, kiwavi huacha kula na kushuka. Hashuki kwa uzi, hutembea. Huteremka shina, hutambaa juu ya ardhi tupu mchana kweupe, hutafuta mahali ambapo udongo umelainika, hujichimbia na kugeuka pupa pale pale bila kujifumia kifuko cha hariri. Wale wa kizazi cha kwanza hutoka tena mapema mwakani, wakataga, na kizazi cha pili cha viwavi huonekana kati ya Machi na Mei. Pupa wa kizazi hicho cha pili ndio wanaobaki chini miezi sita au saba, kiangazi kizima, baridi ya Juni na joto la Oktoba. Mahali penye mvua haba kizazi cha pili hakipo kabisa. Sasa tuhesabu. Jike mmoja, tuseme, ametaga mayai 150. Ili idadi ya nondo isipungue wala kuongezeka, wawili tu kati yao wanatakiwa wafike utu uzima. Waliobaki, 148, wana haki ya kufa bila msitu kudhurika, na kweli hufa: nyigu wadogo hutaga ndani ya mayai yenyewe, ndege hudonoa makundi ya wachanga, nzi hutia mabuu yao mwilini mwa wakubwa, mvua ya mawe hupukutisha. Lakini vifo hivyo havigawanyiki sawasawa. Vingi hutokea mwanzoni. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kati ya wale 150 waliofika hatua ya tano ni 15. Basi kila kiwavi anayechumwa katika hatua hiyo ni sawa na mayai kumi, na kila anayechumwa akiwa tayari ameshika njia ya kushuka ana thamani zaidi ya hapo, kwa sababu amekwisha kuvuka karibu hatari zote za juu ya mti. Mvunaji humtaka huyo huyo. Ni mkubwa, na utumbo wake umeanza kuwa mtupu, kwa hiyo kazi ya kumkamua ni ndogo. Tena yuko chini, hapandiwi mti. Msitu na soko vinagombea mdudu mmoja katika siku zilezile.

Mtu makini atanipinga hapa, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema hesabu yangu imesahau msongamano. Mwaka ambao viwavi wamejaa, chakula huisha kabla wote hawajakomaa. Wenye njaa hushuka wadogo, na pupa mdogo hutoa nondo mdogo mwenye mayai machache, au hatoi kitu. Pia kuna virusi vinavyosambaa viwavi wanapobanana. Huwaua wakiwa bado juu ya matawi, wakining'inia laini na weusi, na ugonjwa huo ukiingia kundi zima hupukutika. Kwa hiyo, atasema, anayevuna katika mwaka wa mafuriko ya viwavi anachukua waliokuwa wafe kwa vyovyote, na pengine anawafanyia hisani waliobaki. Nakubali. Sioni namna ya kulikataa hilo, na anayetaka kupiga marufuku uvunaji wakati wote na mahali pote ndiye anayepaswa kulijibu. Ila pingamizi hili linaponya miaka ya wingi tu. Mwaka wa uchache hakuna msongamano, hakuna virusi, na kila anayeshuka ni mbegu. Tatizo ni kwamba bei hupanda mwaka huo huo wa uchache, na bei ikipanda watu hutembea mbali zaidi na kuokota hata wadogo wa hatua ya nne. Soko hukaza kamba pale ambapo msitu ungetaka ilegezwe. Hapo ndipo nisipokubaliana na wanaoamini kwamba biashara itajirekebisha yenyewe viwavi wakiadimika.

Wako wanaokwenda upande wa pili na kusema watu waache tu kula wadudu, wafuge kuku. Hoja hii hutolewa mara nyingi na wasiojua kiwavi huyu anamaanisha nini kati ya Gwanda na Beitbridge, kusini mwa Zimbabwe, ambako kilomita 320 za barabara kutoka Bulawayo humteremsha msafiri tena kutoka nyanda za juu hadi mopane wa Bonde la Limpopo. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiwavi aliyekaushwa ni protini, na anapatikana bila kulimwa, bila dawa na bila zizi, tena Desemba, mwezi ambao maghala yamekauka na mahindi bado yako kiunoni. Wavunaji wengi ni wanawake na watoto wao. Kazi yenyewe si ya kuchezea. Mvunaji humshika kiwavi kwa vidole viwili, hubana kuanzia kichwani na kusukuma kuelekea mkiani mpaka utumbo wa kijani uruke nje, kwa haraka, mamia kwa mamia, na miiba huchana vidole hadi jioni vinavuja damu. Wengine huvaa glavu au hujifunga matambara. Kisha huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani, au hubanikwa. Wakikauka hukaa miezi mingi bila kuharibika. Huliwa wakavu wakitafunwa kutoka mkononi, au hupikwa kwa nyanya na kitunguu, wengine huongeza karanga, pamoja na sadza, ule ugali wa Zimbabwe. Afrika Kusini hutiwa hata kwenye makopo. Kumwambia mtu mwenye chakula hicho mlangoni akanunue vyakula vya kuku ni kumtania. Isitoshe, msitu ambao haumpi mwenyeji kitu ndio unaokatwa kwanza, na mkaa wa mopane, kwa ugumu wa mti huo, una wateja siku zote.

Hapa ndipo Mpika unaporudi. Mwaka 2002 Keith Mbata, Emmanuel Chidumayo na mwenzao Lwatula walichapisha utafiti wao kuhusu namna Wabisa wa Kopa wanavyosimamia viwavi wa miombo. Utaratibu waliouandika una nguzo ambazo mtaalamu wa ofisini angejivunia kuzibuni. Watu hufuatilia kukua na wingi wa viwavi. Miti yao ya chakula pamoja na mayai ya nondo hulindwa dhidi ya mioto ya mwishoni mwa kiangazi. Na uvunaji una muda wake, haufanywi wakati wowote. Tazama jinsi kila nguzo ilivyoegemea hatua mojawapo ya maisha ya mdudu. Moto wa mapema, nyasi zikiwa bado na umajimaji, hupita chini ukiwa hafifu. Moto wa Oktoba huunguza machipukizi na mayai yaliyokwisha kutagwa. Kuchelewesha uvunaji huwapa viwavi nafasi ya kufikia uzito, na kuusimamisha huwaachia waliosalia washuke. Atakayesema mila hizo ni za kale na soko limezishinda ana sehemu ya ukweli, kwani mnunuzi anayefika na lori kutoka mjini hajui chifu amesema nini. Lakini hilo linaonyesha kwamba kanuni inavunjwa na asiyekuwepo wakati wa kuitunga. Uzima wa kanuni yenyewe haujaguswa. Na miombo ya Mpika haina tofauti ya msingi na miombo ya kwetu, ambako moto wa Oktoba huachiwa ujiendee.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu linadhuru kuliko gunia lolote la viwavi, nalo ni shoka. Mopane mrefu hupanda mita 15 na zaidi, na viwavi wa vileleni hawafikiki kwa mkono. Mvunaji mwenye haraka hukata tawi, na mwenye haraka zaidi huangusha mti. Mopane haufi kirahisi. Hisia za mtu anayeona kisiki kimechipua vijiti kumi ni kwamba hasara imelipwa. Haijalipwa. Baadhi ya tafiti za uwanjani zimeonyesha kwamba nondo hupendelea kutaga kwenye miti mikubwa kuliko kwenye vichaka, na kichaka kilichotokana na kisiki huchukua miaka mingi mno kuwa mti tena, kwa sababu mopane hukua polepole. Hii inagusa pia dhana ya msafiri kwamba msitu ulio salama ni ule ulio ndani ya uzio wa hifadhi. Tembo huvunja mopane na kuurudisha kuwa kichaka cha kimo cha mtu, heka kwa heka, na penye tembo wengi msitu mrefu hugeuka ua wa kukatiwa. Mwaka 1996 watafiti Styles na Skinner waliliandikia makala swali hili hasa, la kwa nini viwavi wa mopane waweze kukosekana ndani ya eneo lililohifadhiwa. Sisemi tembo waondolewe. Nasema tu kwamba anayelipa pesa nyingi aingie hifadhini kuuona mopane huenda akauona vizuri zaidi bure, kwenye malisho ya kijiji ambako shoka halijafika.

Basi si wafugwe? Swali hili huulizwa kila mahali, na nondo wa hariri hutolewa kama mfano: China imemfuga kwa maelfu ya miaka hadi hawezi tena kuruka. Lakini nondo wa hariri ni mnyama wa nyumbani, alichaguliwa kizazi baada ya kizazi avumilie kubanwa trei moja na wenzake. Kiwavi wa mopane hajapitia hayo. Ukimbana, virusi vilevile vinavyomaliza makundi makubwa porini humfikia haraka zaidi. Anataka majani mabichi, na majani ya mopane hayapo kiangazi. Pupa wake hulala miezi mingi akingoja ishara za msimu, kwa hiyo mfugaji anayetarajia mavuno kila baada ya wiki sita atangoja mwaka. Majaribio ya kuwalea kwenye vyandarua yamefanywa, na magonjwa yakawa kikwazo kikubwa. Huenda siku moja itafaulu. Kwa sasa banda la bei nafuu kuliko yote ni msitu uliopo, ukiachiwa pupa wa kutosha chini yake.

Ukame unaibana hoja hii zaidi. Ule wa msimu wa 2023/24, uliosababishwa na El Niño, uliifanya Zambia itangaze janga la kitaifa Februari 2024, na Zimbabwe ikafuata Aprili. Mvua ikichelewa, pupa hukaa chini muda mrefu kuliko akiba yake. Ikikatika mapema, viwavi wa Machi hukuta majani yameanza kukauka na kizazi cha pili hakitimii. Hapo daraja la kuvukia kutoka mwaka mmoja hadi mwingine linabaki kuwa wale wachache waliojifukia. Kwa hiyo kama ningetakiwa kuchagua kizazi kimoja cha kuhurumia, ningechagua hicho cha Machi hadi Mei. Najua nitaambiwa kwamba kila pupa wa kizazi hicho ana nafasi ndogo ya kuona mvua, kwa kuwa miezi saba ni mingi na vicheche na ndege hufukua. Afadhali basi kulinda wale wa Desemba wanaotoka upesi. Ni kweli kwa pupa mmoja mmoja. Ila wa Desemba wakipungua, kizazi cha Machi kinaweza kufidia. Wa Machi wakimalizwa, hakuna kizazi kingine nyuma yao.

Linabaki suala la nani atazilinda siku za kushuka, na hapa wengi hukata tamaa: misitu ni mikubwa, askari hakuna, na mama mwenye ndoo hawezi kukamatwa chini ya kila mti. Nadhani wanatazama mahali pagumu. Kiwavi mmoja huchumwa popote, lakini gunia hupita njia chache. Biashara ya mbali ya viwavi hawa hutegemea barabara kuu na vituo vya mpakani, Chirundu na Beitbridge vikiwemo, na Chirundu tangu Desemba 2009 forodha za nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Tarehe ya mwisho ya kununua kwa jumla, ikitangazwa kila msimu na machifu wa eneo baada ya kuona viwavi wameanza kushuka, ingemgusa mwenye lori bila kumgusa anayechuma kitoweo cha jioni. Magunia yaliyokaushwa kabla ya tarehe hiyo yataleta utata, kwa kuwa mkavu wa jana na mkavu wa mwezi jana hawatofautiani machoni. Itabidi yaandikishwe kijijini kabla msimu haujafungwa, kwa karatasi na muhuri wa chifu. Ni kazi ya wiki mbili au tatu kwa mwaka. Msafiri anayefika Machi mwishoni au Aprili atazikuta siku hizo zenyewe: viwavi wakitambaa kwenye udongo mwekundu kati ya mashina, wanawake wakiwa na ndoo, na wanunuzi wameegesha kando ya lami wakisubiri jioni.